Manukato kwenye Meza ya Divai

Wivu wa Bi Cherehani haukuwa wa kificho. Mtaa mzima uliujua, na yeye mwenyewe aliujua kuliko mtaa. Aliwahi kumnunia mumewe wiki nzima kwa ajili ya daktari wa meno, eti kwa nini ampanulie mwanamke mwingine mdomo hivyo huku anacheka. "Sikuwa nacheka," mume alijitetea, "nilikuwa nimepigwa ganzi." Haikusaidia kitu. Lakini ukisikia kwamba safari hii alikuwa na sababu, usikimbilie kumcheka.

Alikuwa fundi wa nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake: cherehani dirishani, pasi mezani, vipande vya vitambaa kila pembe, na pini ambazo wanawe wawili, kabla hawajaenda kujitegemea, walizikanyaga kila siku ya Mungu. Sasa nyumba ilibaki na watu wawili, yeye na mumewe, na mumewe huyo ndiye aliyekuwa akimkosesha usingizi.

Mume aliitwa Bwana Pua. Pua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa mwonjaji wa duka la vinywaji, lile lenye milango ya vioo jirani na benki, na hakuna chupa ya divai iliyopanda rafuni mle kabla yeye hajatumbukiza pua kwenye glasi yake. Ananusa, anavuta funda, analizungusha mdomoni, halafu analitema kwenye ndoo. Ndiyo, analitema. Bi Cherehani alipomwona mara ya kwanza alidhani divai imeharibika.

Pua hiyo ilikuwa na sheria, na aliyezitii ni mke. Manukato marufuku. Sabuni ya kunukia marufuku. Mafuta ya nywele yenye waridi, hayo ndiyo usiyataje kabisa. Chupa ya manukato aliyopewa na shangazi yake siku ya harusi ilikaa kabatini nyuma ya mashuka miaka nenda miaka rudi. Mwanamke mzima, fundi wa nguo za harusi za watu, anajinyima kunukia kwa ajili ya pua ya mwenzake! Na wala hakulalamika, kwa sababu pua ile aliihesabu kuwa mali yake. Bwana Pua alikuwa akifika getini tu anatangaza, "Mama watoto, leo mdalasini umezidi!" Naye anamjibu kutoka jikoni, "Njoo upike mwenyewe!" Hapo watabishana mpaka chakula kipoe, na ubishi wenyewe ulikuwa mtamu kuliko chakula.

Basi, msimu wa baridi uliopita Bwana Pua akashikwa na mafua makali yaliyomlaza chali. Akapona, akarudi kazini, ila aliyerudi nyumbani jioni alikuwa mtu mwingine. Anaingia kimya. Anakaa mezani kimya. Anakula, anafuta mdomo, anasema, "Nzuri." Mchuzi, nzuri. Samaki, nzuri. Siku moja Bi Cherehani alipika kwa makusudi mchuzi usio na kitunguu saumu wala tangawizi wala chochote, nyanya na chumvi tu, akaupakua na kukaa mkao wa vita. Bwana Pua akaumaliza wote.

"Nzuri," akasema.

Mtu aliyekuwa tayari kugombana kwa ajili ya punje moja ya karafuu! Bi Cherehani alitoa vyombo. Huyu anakula kwingine, akajisemea, na njaa yake haiko hapa tena.

Kwingine kwenyewe hakukuwa mbali. Siku zilezile za mafua, duka lilikuwa limeajiri msaidizi wa meza ya kuonja, dada mmoja mwenye kidoti shavuni, ambaye dukani wote walimwita Kidoti, na Bi Cherehani hakutaka kumjua kwa jina jingine. Hakuna jioni iliyopita bila Kidoti kutajwa. Kidoti anasema divai ile nyeupe inakumbusha nyasi zilizokatwa. Kidoti anasema hii nyingine ina asali kwa mbali. Mke akiuliza, "Na mchuzi wangu una nini?" mume anainamisha kichwa na kutafuta kijiko.

"Shoga, mimi sitaki kukutia presha," alisema msusi, rafiki yake wa nyumba ya pili, huku amemshika kichwa na kumvuta nywele. "Lakini mwanamume wa chakula kama yule akianza kusema nzuri, nzuri, mimi ningeshapekua mifuko ya koti."

"Nimeshapekua."

"Kuna nini?"

"Vizibo vya chupa."

"Mh! Wanakunywa wote." Msusi akacheka, kisha akaona kwenye kioo kwamba mwenzake hacheki, akaacha. "Haya, nisikilize. Una manukato ya shangazi yako bado? Yapake. Akigomba, ujue bado ni wako. Asipogomba, njoo tulie wote."

Bi Cherehani alisema huo ni upuuzi. Lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Wiki ile Bwana Pua alileta kazi nyumbani. Bosi wake, mkono birika wa kutupwa, alikuwa akitafuta divai moja nyekundu ya bei nafuu ya kuagiza kwa wingi, kontena zima, na alitaka iteuliwe mbele ya wateja wa kudumu, Jumamosi mchana. Chupa zingefichwa ndani ya mifuko ya kitambaa cheusi yenye namba, mtu asione nembo akadanganywa na picha ya mbuni au ya kasri. Bi Cherehani akapewa kazi ya kushona mifuko. Alishona huku akimsikiliza mumewe, na kila alichosikia kilimchoma.

"Kuna moja ya Australia," Bwana Pua alikuwa akisema, macho yanang'aa. "Mchanganyiko wa zabibu mbili, Shiraz na Cabernet. Bei yake ya chini mno, lakini ni ya mavuno ya mwaka mzuri, mwaka ambao jua la kule liliivisha zabibu polepole na mvua haikuja kuharibu. Mwaka kama huo hata divai ya watu wa kawaida inatoka ya kifalme. Kidoti anasema ina tunda la plamu lililoiva, halafu ngozi, halafu moshi kidogo mwishoni. Anasema ukiimeza inakaa kooni, haiondoki haraka."

Bi Cherehani akasimamisha cherehani. Aliangalia mdomo wa mumewe ukitoa maneno hayo yote, plamu, ngozi, moshi, kwa chupa moja ya bei rahisi. Yeye tangu baridi iishe anapewa neno moja. Roho ilimuuma kweli, siyo utani. Hakuona kama anaibiwa mume tu, aliona anaibiwa hata maneno.

"Na wewe unasemaje?" aliuliza.

"Mimi?"

"Kidoti anasema, Kidoti anasema. Wewe pua yako imesemaje?"

Bwana Pua alikohoa kidogo. "Nakubaliana naye."

Eti anakubaliana naye! Bi Cherehani akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

Jumamosi asubuhi alifungua kabati, akasukuma mashuka, akatoa chupa ya shangazi. Manukato yalikuwa yamekolea kwa kukaa, yamegeuka rangi ya chai. Akajipaka nyuma ya masikio, mikononi, kifuani, kisha kwa hasira akajimwagia na kwenye gauni. Harufu ilijaa chumba, ikatoka barazani. Yeye mwenyewe alipiga chafya. Akasimama mlangoni kumsubiri mumewe atoke bafuni. Alikuwa tayari kwa lolote. Gomba, aliomba kimoyomoyo. Piga kelele. Niambie nimekuharibia siku, nimekumwagia unga wako, niambie chochote.

Bwana Pua alipita karibu naye kiasi cha kugusana mabega. Akamtazama juu mpaka chini.

"Umependeza," akasema. "Hilo gauni jipya?" Akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Loo! Bi Cherehani alikaa kwenye kiti cha cherehani asijue aanze kulia wapi. Miaka yote ile sheria, sheria, na leo amezivunja zote kwa mpigo na mtu hata hajajali. Ugomvi wenyewe kamnyima. Basi yamekwisha, alijiambia. Mtu hasumbuliwi na harufu ya mke ambaye hamtaki tena. Alifuta machozi kwa kipande cha bitana, akakunja ile mifuko myeusi, akajipaka tena manukato juu ya yale ya kwanza, akapiga moyo konde na kwenda dukani. Kama ni kuachwa, angeachwa mbele ya Kidoti akiwa ananukia.

Duka lilikuwa limepangwa vizuri. Meza ndefu katikati, kitambaa cheupe, glasi, mikate, ndoo za kutemea. Wateja wa kudumu walikuwa wameshaanza kuingia: mzee mmoja mstaafu mwenye suti, mama wa duka la maua, mwalimu na mkewe. Kidoti alikuwa nyuma ya meza, amevaa aproni nyeusi, na mbaya zaidi hakuwa mrembo wa kutisha. Alikuwa na uso mwema. Mwanamke mrembo unaweza kumchukia mara moja ukamaliza. Huyu ilibidi Bi Cherehani ajitahidi.

"Karibu, shemeji," Kidoti alisema, halafu manukato yakamfikia. Alirudi nyuma hatua moja. Macho yalimtoka. Na jambo la ajabu ni kwamba hakumtazama Bi Cherehani. Alimgeukia Bwana Pua haraka, na uso wake ulikuwa na hofu.

Bwana Pua yeye alikuwa akipokea mifuko kwa tabasamu. "Ahsante, mama watoto. Kaa hapa karibu nami uone." Akamvutia kiti pembeni yake kabisa, kwenye meza ya kuonja, mwanamke anayenukia kama duka zima la manukato! Mama wa maua akaziba pua kwa leso. Mwalimu akafungua dirisha. Mzee mstaafu akanusa glasi yake, akaiweka chini, akainusa tena na kutikisa kichwa. Kidoti akagusa pua yake kwa kidole, mara moja, mara mbili, akimkazia macho Bwana Pua. Bwana Pua akadhani anawashwa.

Hapo ndipo bosi alipotoka ofisini.

"Alaa! Nani kamwaga manukato humu?" akafoka. "Hapa ni mahali pa kuonja divai au saluni? Bwana Pua, wewe na pua yako hiyo, umekaaje dakika moja na harufu hii?"

Bwana Pua alikuwa ameinua glasi kwenye mwanga. "Harufu gani?" akauliza.

Aliuliza kwa moyo mweupe kabisa. Chumba kizima kikamgeukia. Na palepale Bi Cherehani akaelewa, yote kwa pamoja. Mafua. Nzuri, nzuri. Mchuzi wa nyanya na chumvi. Umependeza. Mume wake hakuwa na mwanamke mwingine. Mume wake hakuwa na pua.

Akamwangalia usoni, akaona na yeye ameshatambua alichokisema. Rangi ilikuwa imemtoka. Bosi alikuwa anamtazama mtu wake kwa jicho jipya, jicho la kupima, na mtu hahitaji kuambiwa kwamba mwonjaji asiyesikia harufu hana kazi duniani. Hapo unga ulikuwa unamwagika, na aliyeusukuma ni yeye na chupa ya shangazi yake.

"Bosi, nisamehe mimi," Bi Cherehani akainuka. Hakujua atasema nini mpaka aliposikia sauti yake. "Makosa yangu. Chupa imenipasukia chumbani asubuhi, tukamwagikiwa wote wawili. Shati lake ndilo limeloa kuliko gauni langu. Amekuwa na harufu hii puani tangu kukicha, atasikiaje tena? Amenikataza nisije, nikaja kwa ubishi wangu."

Bosi akamsogelea Bwana Pua, akanusa bega, na kwa vile lile bega lilikuwa limegusana na mke mlangoni na kukaa naye ubavuni, lilinukia kweli. Akakunja uso. "Shemeji, tafadhali, kakae uani. Na wewe kabadilishe shati kabla hujagusa glasi nyingine."

Uani kulikuwa na makreti matupu na dirisha lililotazama ndani. Bi Cherehani akakaa kwenye kreti na kutazama. Mumewe alirudi na fulana ya duka. Wakaanza. Kidoti alinusa kwanza, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anajisemea, "Hii mimi naona plamu, na kama ngozi hivi." Bwana Pua akavuta funda, akalizungusha, akaitikia kwa kichwa taratibu, kisha akawageukia wateja na kuwaelezea plamu ile na ngozi ile kwa maneno matamu, akiongeza ukakasi wake na uzito wake, vitu ambavyo ulimi wake bado uliweza kuvikamata. Wateja wakaitikia. Bosi akaitikia. Vichwa viwili vimeinamiana juu ya glasi moja: picha ileile iliyokuwa ikimkosesha Bi Cherehani usingizi, na sasa alijua ni ya nini.

Ungedhani moyo ungetulia. Wee! Ndiyo kwanza wivu ulipamba moto. Mwanamke wa kitandani angemkabili, angemtukana, angemvua wigi barabarani na mtaa ukamshangilia. Huyu je? Huyu amepewa siri. Mume wake alipatwa na msiba, na akachagua mtu wa kumweleza, na mtu huyo hakuwa yeye.

Wateja walipoondoka, Kidoti akaja uani na kusimama mbali kidogo. "Ahsante, shemeji. Umemwokoa."

"Shemeji wa wapi? Nimemwokoa mume wangu, sijakufanyia wewe hisani."

"Najua. Nilimwambia akwambie. Kila mara namwambia."

"Kumbe mnanijadili," alisema Bi Cherehani, na Kidoti akaona heri arudi ndani.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Bwana Pua alibeba ile chupa ya Australia, iliyoteuliwa kwa kura nyingi, ikiwa imebaki nusu. Walipofika aliiweka juu ya meza ya kushonea, kati ya mkasi na pasi, akakaa.

"Daktari anasemaje?" mke aliuliza.

"Anasema inaweza kurudi. Inaweza isirudi. Chumvi nasikia, ndimu nasikia, pilipili nasikia. Harufu ndiyo imekufa."

"Yeye alijua lini?"

"Nilipotoka kitandani tu. Aliniona nanusa glasi ya divai iliyochacha nikaisifu."

"Na mimi ningejua lini? Siku ya mazishi yako?"

Bwana Pua alifunika uso kwa viganja. "Ningekuambiaje? Yeye hanipikii. Wewe unasimama pale na mwiko unasubiri niseme kitu, na mimi mdomoni nina kitu kama karatasi iliyolowa. Kila siku nasema kesho nitamwambia. Naona uso wako, nasema nzuri."

Bi Cherehani aliingia bafuni akajisugua kwa sabuni ya kipande, shingo, mikono, kifua, akarudia, akatoka na gauni jingine na nywele zinadondosha maji. Akachukua vikombe viwili vya chai kwa sababu glasi zilikuwa jikoni na hakutaka kwenda mbali. Akamimina divai.

"Yeye alisema plamu," akasema.

"Plamu, ndiyo."

Akanusa kwa muda mrefu, macho amefumba. "Hajui kitu. Hii ni zambarau, zile zilizoiva mpaka zinadondoka zenyewe. Na hapo nyuma kuna nguo iliyopigwa pasi ikataka kuungua, haijaungua. Sufu. Kola ya koti la sufu." Akanywa, akameza, kutema asingeweza kujilazimisha. "Halafu kuna pilipili manga. Hiyo alikwambia?"

"Hapana," alisema Bwana Pua, na alikuwa amekaa wima. "Hiyo hakuiona. Endelea."

"Ngozi aliyosema ni ipi? Ya kiatu au ya mkoba?"

"Hakusema."

"Unaona? Ngozi, ngozi tu. Ya kiatu kipya, ndani, pale unapoingiza mguu." Akaweka kikombe chini kwa kishindo. "Kuanzia leo chakula changu nitakueleza mimi mwenyewe, na kikiwa kibaya nitakuambia kibaya. Huko dukani mfanye mnavyofanya. Lakini kitu cha nyumba hii usije ukamwuliza yule. Umenisikia?"

"Nimekusikia." Aliuzungusha mkono wa kikombe. "Kipo kimoja ambacho sikuweza kumwuliza."

"Kipi?"

"Wewe. Sijui siku hizi unanukiaje."

Bi Cherehani akafungua mdomo. Zambarau alikuwa nayo, sufu alikuwa nayo, maneno ya divai ya watu wa mbali yalimjia bila kuitwa. Shingo yake mwenyewe hakuwahi kuinusa. Alivuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akainamisha kichwa pembeni na kumpa shingo.

Bwana Pua akasogeza pua yake pale, akavuta pumzi ndefu, akaishikilia. Mkewe alimsubiri, hapepesi macho.

"Hakuna kitu," mume akasema.

"Jaribu tena," akamwambia.